Dokta wa Ngozi Anajibu: Anajikuna Mpaka Anatoka Usaha

Wasomaji wangu, mwezi huu meseji za kuwashwa zimekuja nyingi kuliko kitu kingine chochote, na karibu zote zinaishia palepale, yaani ulianza mwasho mdogo mtu akaupuuzia, akajikuna, sasa kuna kidonda, kuna usaha, au mguu umevimba. Nimechagua chache za kujibu, ila ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu naona watoto wengi sana wanapita njia hiyohiyo na wazazi hawajui inaelekea wapi.

SWALI: Shkamoo dokta. Mi ni mama wa watoto watatu nakaa Mbagala. Mwanangu wa kati ana miaka 5, sasa ni zaidi ya mwezi anajikuna hasa usiku, halali kabisa, ni katikati ya vidole, kiunoni na makalioni. Mwanzo vilikuwa vipele vidogovidogo tu nikajua ni joto nikawa nampaka poda. Sasa vimepasuka vimekuwa vidonda vina usaha na ukoko wa njano, nikaenda duka la dawa nikapewa dawa ya kupaka inaitwa BBE, nilivyompaka alilia mpaka majirani wakatoka nje. Jirani mmoja anasema nimuogeshe maji ya chumvi, mwingine anasema maji ya betri kidogo tu yanaua. Mdogo wake naye ameanza na mimi mwenyewe tumboni kunawasha. Kingine, tangu juzi akiamka asubuhi macho yamevimba na mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi, sijui ndo hanywi maji ya kutosha? Nisaidie dokta, nimechoka.
*Mama wa Mbagala*

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Kwanza niwaambie wasomaji, huyu mama tulimpigia simu siku ileile meseji ilipoingia, tukamwambia ampeleke mtoto hospitali asisubiri gazeti litoke, na sababu ni ile habari aliyoitaja mwishoni kama kitu kidogo. Mtoto mwenye vidonda vya ngozi akianza kuvimba macho asubuhi na mkojo ukageuka rangi ya chai au ya soda nyeusi, hapo inawezekana figo zimeguswa. Akifika hospitali apimwe mkojo na apimwe presha. Ndiyo, mtoto wa miaka 5 naye anapimwa presha, kuna mkanda mdogo wa saizi yake, ukiona hawajampima waombe wampime.

Sasa vidonda vya mikononi vinafikaje kwenye figo, hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Huo ni upele, mama. Upele unaletwa na utitiri mdogo sana ambao kwa macho huuoni, jike halifiki hata nusu milimita. Linachimba kijitundu kwenye tabaka la juu la ngozi, linaishi humo mwezi mmoja au miwili na kila siku linataga mayai 2 au 3. Mwasho wenyewe ni mwili unavyomkataa huyo mdudu na mayai yake na kinyesi chake, na kwa mtu ambaye hajawahi kuugua upele, mwili unachukua wiki 4 mpaka 6 kabla haujaanza kulalamika. Fikiria maana yake, wiki zote hizo mtoto analala na wenzake kitanda kimoja, anabebwa, anachezwa naye, wala hakuna anayejikuna. Kwa hiyo siku ya kwanza ukimwona mmoja anajikuna usiku, jua tayari wengine ndani ya nyumba wanao, hata yule anayesema mimi siwashwi.

Mtoto anajikuna. Kujikuna kunaleta raha kwa sababu yale maumivu madogo ya kucha yanauzima mwasho kwa dakika chache, lakini ngozi ikishakwaruzwa inavimba na kutoa kemikali zinazoamsha tena mishipa ya fahamu, mwasho unarudi, safari hii umezidi, naye anakuna kwa nguvu zaidi, na akiwa usingizini hajui hata anachofanya. Hapo ngozi inapasuka. Na bakteria hawatoki mbali, wapo chini ya kucha, wapo puani, wapo juu ya ngozi yenyewe kila siku wanasubiri mlango tu. Wawili ndio wasumbufu hasa, stafilokokasi na streptokokasi. Tena imeonekana maabara kwamba majimaji na kinyesi cha utitiri wa upele vinaidhoofisha ile kinga ya mwili ambayo ingewaua hao bakteria, kwa hiyo mdudu anachimba na papo hapo anawafungulia wengine. Ule ukoko wa njano unaoelekea rangi ya asali ndiyo alama yao.

Streptokokasi ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Mwili unapambana naye, unatengeneza askari wa kinga, na yale mabonge ya kinga iliyoshikana na vipande vya bakteria yanakwenda kunasa kwenye vichujio vya figo. Hii inatokea wiki kadhaa baadaye, kwa vidonda vya ngozi inaweza kuwa wiki 3 mpaka 6, yaani pengine vidonda vyenyewe vimeshaanza kukauka na mzazi ameshasahau. Figo zikizibwa, chumvi na maji havitoki, mtoto anavimba uso, presha inapanda, mkojo unatoka na damu ndani yake ndiyo ile rangi ya chai. Watoto walio wengi wanapona kabisa wakiwahi kutibiwa, hilo nalisema ili usikate tamaa, ila zile siku za mwanzo presha ikipanda sana au maji yakiingia mapafuni mtoto anaweza kufa, ndiyo maana tulikuhimiza kwenye simu.

Sasa matibabu. BBE ni dawa nzuri ya upele na ni ya bei nafuu, haikukosea kitu, ila ile chupa ya asilimia 25 ni nguvu ya mtu mzima, kwa mtoto wa umri wake inachanganywa na maji nusu kwa nusu, na ikipakwa juu ya vidonda vibichi inaunguza mno. Muuzaji alitakiwa kukwambia hayo. Vidonda vyenye usaha vinatibiwa kwanza au vinatibiwa pamoja, daktari ataandika antibayotiki ya kunywa inayofaa kwa bakteria wa ngozi, na tafadhali usijinunulie amoksilini peke yako kwa sababu ndiyo mliyoizoea, stafilokokasi wengi wameshaishinda. Nyumbani kazi yako ni kuosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, ukoko uloweke kwa kitambaa chenye maji mpaka ulainike utoke wenyewe, usiubandue mkavu.

Kama utapata krimu ya pemethrini ni laini zaidi, inafaa kuanzia mtoto wa miezi 2. Unapaka usiku kuanzia shingoni hadi kwenye unyayo, katikati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni, sehemu za siri, makalioni, pote, siyo pale panapowasha tu. Analala nayo, asubuhi anaoga, baada ya wiki mnarudia. Akinawa mikono usiku mpake tena mikononi. Kwa mtoto mchanga kabisa wa chini ya miezi 2 usimpake chochote mpaka aonekane kituoni, kuna dawa ya salfa kwa ajili yake.

Na mnapaka wote usiku mmoja. Baba, wewe, watoto wote, dada wa kazi, mgeni anayelala sebuleni. Hapa ndipo familia nyingi zinashindwa, anapakwa anayelia, wiki inayofuata anaambukizwa upya na asiyelia. Asubuhi yake shuka, kanga, nguo za kulalia na taulo zote zifuliwe kwa maji ya moto, zianikwe juani na kupigwa pasi, na visivyofulika vifungwe kwenye mfuko wa nailoni siku 4 au 5, maana huyo mdudu akikosa mwili wa mtu hamalizi siku nyingi, ni 2 au 3 tu.

Jambo moja zaidi la kukuandaa, mwasho hautakata siku hiyohiyo. Wadudu wamekufa lakini mizoga na mayai yamebaki ndani ya ngozi, mwili unaendelea kulalamika wiki 2 mpaka 4. Watu wasiojua hili wanapaka dawa kila siku, ngozi inaungua, inawasha zaidi, wanasema dawa imegoma. Usifanye hivyo. Omba dawa ya mzio ya kumsaidia alale na umkate kucha fupi kabisa. Maji ya betri ni tindikali, mama, yanaunguza ngozi ya mtoto, na jiki na mafuta ya taa na dawa ya kuogeshea ng'ombe zote weka mbali. Anayekushauri hivyo anakupenda lakini atakuumizia mtoto.

Na kwa wale wanaosema upele ni uchafu au ni ugonjwa wa kawaida wa utotoni, Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 liliuingiza rasmi kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Kule Fiji watafiti waligawa vidonge vya aivamektini kwa watu wa jamii nzima, wanaowashwa na wasiowashwa, na baada ya mwaka mmoja upele ulishuka kutoka kama watu 32 katika kila 100 hadi 2 tu. Kinachonigusa mimi siyo hiyo namba peke yake, ni kwamba vile vidonda vya usaha navyo vilishuka, kutoka kama 25 hadi 8 katika kila 100, na kilichogawiwa kwa wote kilikuwa dawa ya upele, siyo antibayotiki. Waliondoa kinachowasha, mikono ikatulia, vidonda vikapungua vyenyewe. Ndiyo maana kila anayeniletea mtoto wa vidonda namuuliza kwanza, kabla ya kidonda alikuwa anawashwa na nini na nani mwingine nyumbani anajikuna usiku? Ukipewa antibayotiki tu ukarudi nyumbani kwenye shuka zilezile, mwezi ujao tutaonana tena.

SWALI: Dokta shkamoo, niko kidato cha tatu shule ya bweni huku Iringa. Kinena kinaniwasha balaa, kuna duara lina ukingo umeinuka, washkaji wakanipa krimu wanayotumia bwenini wote, ukipaka siku mbili mwasho umekata ila ukiacha unarudi na sasa duara limeshuka mpaka mapajani. Nimejikuna pamechubuka panatoa majimaji yana harufu na mtoki umetoka, unauma nikitembea. Nesi wa shule ni mdada naona aibu.
*Wa bwenini, Iringa*

JIBU: Marahaba mwanangu. Aibu naielewa ila nesi ameona vinena vingi kuliko unavyodhani, na mtoki ukishatoka huna tena nafasi ya kuona aibu. Mtoki maana yake maambukizi yamepita ngozini yamefika kwenye tezi, uwezekano mkubwa ni kupitia hapo ulipojichubua, unaweza kuhitaji dawa ya kunywa. Atakuuliza pia kama umeshakutana kimwili na mtu, kwa sababu magonjwa ya zinaa nayo huvimbisha tezi hizohizo, mjibu kweli, anauliza ili akutibu.

Duara lenyewe kwa maelezo yako ni fangasi. Zile krimu za mchanganyiko zinazozunguka bwenini nyingi zina steroidi ndani, steroidi inatuliza uvimbe na mwasho ndiyo maana siku mbili unaona umepona, lakini inailaza kinga ya ngozi na fangasi anapata uwanja. Ukiendelea nayo hapo kinenani ngozi inakuwa nyembamba na inatoka michirizi isiyofutika. Iache leo. Unahitaji dawa ya fangasi tupu, klotrimazoli au tebinafini, paka mpaka nje ya ukingo wa duara, na klotrimazoli usiiache siku duara linapopotea, endelea wiki 2 mbele. Nguo ya ndani ivaliwe ikiwa imekauka kabisa, taulo ni lako peke yako. Halafu angalia katikati ya vidole vya miguu, kama kuna weupe umelowa na kuchanika basi fangasi alianzia huko, na kila unapovaa boksa anapita mguuni anapanda juu, kwa hiyo tibu na miguu na uvae soksi kwanza ndipo uvae boksa.

SWALI: Habari dokta, nina mimba ya miezi 8, viganja na nyayo zinaniwasha hasa usiku mpaka nasugua kwenye ukuta, hakuna kipele hata kimoja. Wifi anasema ni nywele za mtoto. Kuna cha kupaka?
*Mjamzito, Tanga*

JIBU: Nzuri dada yangu. Usipake, nenda kliniki kesho asubuhi, na ukiona mtoto amepunguza kucheza nenda sasa hivi hata kama ni usiku. Kuwashwa viganja na nyayo bila vipele kwenye miezi ya mwisho kunaweza kuwa nyongo haipiti vizuri kwenye ini, hali ambayo kwako ni usumbufu lakini kwa mtoto tumboni ni hatari. Waambie kabisa kwamba unataka ini lipimwe. Ukiambiwa mimba zote zinawasha, waulize tena kwa upole, usiondoke. Na nywele za mtoto hazihusiki.

SWALI: Shikamoo daktari. Babu yangu ana miaka 78 tuko naye hapa Moshi, ana sukari. Ngozi ya miguu yake ni kavu, inatoa magamba, anajikuna na kile kijiti chake cha kukunia mgongo. Juzi kamechimbika kakidonda kadogo kwenye muundi, leo mguu umevimba mpaka karibu na goti, una joto, na jana usiku alitetemeka. Anasema atapona, tumpake nini?
*Mjukuu, Moshi*

JIBU: Marahaba mjukuu, na babu mpe salamu zangu, ila mwambie leo haendi shambani, anaenda hospitali. Bakteria wameingia kwa hicho kidonda na sasa wanasambaa ndani ya nyama ya chini ya ngozi, na mtu mwenye sukari hapambani nao vizuri. Kutetemeka maana yake wanaweza kuwa wanaelekea kwenye damu. Kabla hamjatoka, chukua kalamu ya wino uchore mstari kuzunguka mwisho wa uvimbe na uandike saa, daktari ataona wenyewe kama unapanda. Watu wanasubiri wekundu, kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, wewe weka mgongo wa mkono wako kwenye mguu mmoja kisha mwingine uone tofauti ya joto, angalia ngozi kama imebana inang'aa au imeiva na kuwa nyeusi zaidi. Ikiwa ana maumivu makali kupita kiasi au kunatoka malengelenge meusi, hapo hata saa moja msipoteze.

Akishapona, shughulikieni ukavu maana ndio ulioanzisha yote. Wazee wetu wanapenda maji ya moto sana, sabuni ya kufulia na dodoki kavu, vyote vitatu vinaondoa mafuta ya ngozi. Aoge maji ya uvuguvugu, haraka, akaushwe kwa kugusagusa na apakwe vaselini hapohapo mwili ukiwa bado na unyevunyevu. Sukari yake iangaliwe upya pia. Na nyie mko Moshi, mna bahati, pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992 kinachosomesha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika, ombeni rufaa.

SWALI: Dokta mimi ni mkulima wa huku Mahenge. Nawashwa miaka na miaka, miundi imekuwa na madoa meupe, nikijikuna natoka vidonda. Kila mwaka tunapewa vidonge vya usubi, mwaka jana nilimeza nikawashwa zaidi siku tatu, safari hii nimekataa. Nimekosea?
*Mkulima, Mahenge*

JIBU: Nakuomba umeze, kaka. Kule kwenu nzi mdogo wa usubi anazaliana kwenye mito yenye maji ya kasi, akikuuma anakuachia minyoo. Minyoo mikubwa inakaa kwenye vinundu chini ya ngozi, inaishi miaka 10 hata 15, inazaa vitoto vinavyotembea ngozini na vingine vinafika machoni, ndivyo vinavyopofusha. Vinapokufa ndipo unapowashwa. Kwa hiyo zile siku tatu za mwasho mkali zilikuwa dawa inafanya kazi, vimekufa vingi kwa mpigo. Vidonge haviui ile mikubwa, ndiyo sababu mnapewa kila mwaka, ukiruka mwaka inazaa tena na mwaka unaofuata utawashwa vibaya zaidi. Dawa hiyo hutolewa bure na watengenezaji wake kwa ajili ya usubi tangu 1987. Mwambie mgawa dawa wa kijiji yale yaliyokupata mwaka jana ili akupe na kitu cha kupunguza mwasho siku hizo, na vidonda ulivyonavyo viende zahanati visafishwe. Ukiona macho yanakuwa na ukungu usingoje mwaka ufike.

SWALI: Mtoto ana tetekuwanga, namvalisha soksi mikononi asijikune, ni sawa? Na homa nampa aspirini.
*Baba wa Kongowea, Mombasa*

JIBU: Soksi ni sawa kabisa, ziwe safi na zibadilishwe, na losheni ya kalamaini inasaidia. Aspirini iondoe leo, kwa mtoto mwenye tetekuwanga inaweza kuharibu ini na ubongo, mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Kipele kimoja kikianza kuvimba, kuuma na kuwa na joto kuliko vingine, au homa ikirudi baada ya kuwa imeshatulia, mpeleke akaonwe.